Zawadi ya nyanya kutoka mikononi mwa wajukuu: maswali yenu

Shule zinapokaribia kufungwa, barua nyingi hutufikia kuhusu jambo moja: watoto wanakwenda ushago au pwani kumwona nyanya au babu, na wazazi wanataka waende na kitu walichokitengeneza wenyewe, kitakachokaa. Tumechagua barua zinazogusa matatizo ambayo wengi wenu mnayo. Kabla ya kununua chochote, jiulize zawadi itakaa wapi na nani ataishika. Kinachodumu miaka 10 kwenye rafu ya Nyeri kinaweza kuharibika kwa msimu mmoja wa mvua kule Kilifi.

*

*Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 2. Mwaka jana tulimtengenezea shosho alama za viganja kwa unga wa ngano na chumvi. Cha mkubwa kilipasuka katikati, cha mdogo kikafura kama mandazi. Sina oveni nzuri, nina ya gesi isiyoshuka chini. Nilikosea wapi? – Mama Baraka, Umoja*

Mama Baraka, kupasuka na kufura ni magonjwa mawili tofauti, kwa hiyo tuyatenganishe.

Kinachofura kina mojawapo ya sababu mbili. Ama ulitumia unga wa kujiumukia, ambao una baking powder ndani yake, ama joto lilikuwa kali na maji yaliyomo yakageuka mvuke kabla ya kupata njia ya kutoka. Maelekezo mengi yanayosambazwa husema uoke kwa nyuzi 100. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Maana yake, nyuzi 100 kwetu tayari ni kuchemsha. Lenga 80, na kama oveni yako haishuki hivyo, iache mlango wazi kwa upana wa mwiko na ugeuze kigae, yaani bamba lenye alama ya kiganja, kila nusu saa.

Kupasuka nako hutokana na upande wa juu kukauka na kusinyaa huku ndani kungali kubichi. Hutokea ukianika juani siku ya kwanza, ukiweka maji mengi, au kigae kikiwa kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine.

Vipimo: vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, ule wa chapati, kikombe 1 cha chumvi laini, na robo tatu ya kikombe cha maji vuguvugu. Usimimine maji yote kwa pamoja. Bakisha kidogo uongeze kijiko kimoja kimoja, kwa sababu unga haunywi maji sawa pakiti hadi pakiti. Chumvi ya mawe isage kwanza, la sivyo itaacha vishimo. Kanda dakika 8 hadi 10, mpaka ukibonyeza kwa kidole donge lisinate. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, lipumzike dakika 20.

Ili unene uwe sawa, laza penseli mbili kandokando ya donge, moja kushoto na moja kulia, kisha sukuma kwa mti wa chapati ukiegemea penseli hizo. Utapata unene wa milimita 7 hivi kila mahali, na huo unatosha. Kata duara kwa kufuata bakuli. Nyunyizia unga mwembamba sana juu, si mafuta, maana mafuta huzuia rangi kushika baadaye.

Mtoto aweke kiganja, vidole vikiwa vimetanuka. Bonyeza wewe, kidole kimoja baada ya kingine, kuanzia kitako cha kiganja kwenda kwenye ncha, kisha inua mkono wima bila kuuburuta. Alama ya kina cha milimita 3 inatosha. Ikizidi, pale palipobaki pembamba ndipo patakapovunjika. Kama haikutoka vizuri, kusanya donge, kanda tena, rudia. Toboa tundu la kamba kwa mrija wa soda, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, na mkubwa aandike jina na mwaka kwa kijiti cha meno. Herufi zikiwa za kombokombo, ziache. Shosho anataka kuona mwandiko wa mtoto wa miaka 6.

Kukausha bila oveni kunawezekana kabisa na sisi ndiko tunakokupendelea. Weka vigae juu ya wavu, ndani ya nyumba penye hewa, uvigeuze asubuhi na jioni. Miezi ya Januari na Februari siku 4 au 5 hutosha. Julai, na baridi yake, hesabu wiki nzima au zaidi. Jua la asubuhi linaruhusiwa kuanzia siku ya tatu. Kujua kama kimekauka, kiguse kwa shavu upande wa chini: kikiwa baridi, bado kina maji. Usipake rangi wala vanishi kabla ya hapo, kwa sababu utayafungia maji ndani na ukungu utaota chini ya rangi.

Rangi iwe ya akriliki, mipako miwili. Kisha vanishi angavu ya mafuta ya dukani kwa mafundi, mipako 3 myembamba, saa 24 kati ya mmoja na mwingine: mbele, nyuma, ukingoni, hadi ndani ya tundu la kamba. Kazi ya vanishi ni yako, nje ya nyumba. Hilo tundu wengi hulisahau, na ndiko unyevu huingilia.

Na huyo wa miaka 2 asiachwe peke yake na donge hata dakika moja. Chumvi iliyomo ni nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto mdogo akila vipande kadhaa, na ni hatari vilevile kwa mbwa. Kama ana michubuko au ukurutu mikononi, chumvi itamchoma, subiri apone.

*

*Mtoto wetu ana miezi 4 na hafungui ngumi. Tufanyeje alama ya kiganja? – Baba Pacha Mmoja, Rongai*

Fanyeni unyayo. Hadi miezi 6 hivi, kiganja ni vita kwa mzazi na mtoto, lakini mguu hutoka vizuri mtoto akiwa amelala. Anayembeba amshike wima, mwingine alete donge kwenye mguu, si mguu kwenye donge. Kama lazima kiwe kiganja, papasa mgongo wa mkono kutoka kwenye kifundo kwenda vidoleni. Mara nyingi ngumi hulegea kwa sekunde chache.

*

*Mamangu anaishi Likoni. Kigae cha unga na chumvi tulichompelekea kililegea, kikaota madoa meusi, na mende wakakila ukingoni. Watoto waliumia sana. Ni kitu gani kitakachodumu pwani? – Msomaji wa South B*

Chumvi huvuta unyevu hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima. Vanishi huchelewesha tu. Tena unga ni chakula, na wadudu hawajali kwamba umepakwa rangi. Kwa mtu anayeishi pwani, au jikoni mwake mkiwa na panya, tunasema wazi: achaneni na unga, fanyeni kitambaa.

Kitambaa kinafuliwa, kinakunjwa, kinatumwa kwa basi bila kuvunjika, na nyanya anakitumia. Pendekezo letu ni kitambaa cha kochi chenye viganja vya wajukuu na maneno yao chini, kwa mtindo wa leso. Nyanya wa Likoni atalisoma jina la leso hiyo, yaani maneno hayo ya chini, kabla hata hajaketi.

Nunua marekani au pamba nyingine nyeupe isiyochanganywa. Biashara Street ya Nairobi ina maduka mengi ya vitambaa, lakini usiamini neno la muuzaji peke yake: omba uzi mmoja, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka na kunuka karatasi, ikaacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, kuna poliesta ndani, na rangi itabanduka siku za mbele.

Kata sentimita 65 kwa 55, ili baada ya kukunja pindo la sentimita 2.5 kila upande ubaki na 60 kwa 50. Kabla ya yote, kifue kwa maji moto na sabuni, bila dawa ya kulainisha nguo. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaozuia rangi kuingia kwenye nyuzi, na pia kitaruka, yaani kusinyaa, kidogo. Afadhali kiruke sasa kuliko baada ya kazi. Piga pasi, kitandaze juu ya gazeti lililolala kwenye meza ngumu, ukibane pembe nne.

Rangi iwe ya kitambaa. Rangi za maji za shuleni, zile za vikopo vidogo, zitatoka zote kwenye beseni siku ya kwanza ya kufua, na hilo ndilo kosa linaloletwa kwetu mara nyingi kuliko mengine. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kichovye kidogo, umgongegonge mtoto kiganjani. Nusu kijiko cha chai inatosha viganja viwili vya mtoto wa chekechea. Ukimchovya mkono mzima kwenye sahani ya rangi utapata doa lenye vidole vitano vilivyoungana. Mistari ya kiganja, ambayo ndiyo uzuri wenyewe, haitaonekana. Jaribuni kwanza kwenye karatasi mara mbili tatu. Kwenye kitambaa ni kiganja chini, bonyeza kila kidole, inua wima.

Mkono ukiteleza, usifute. Kufuta hupeleka rangi ndani zaidi. Acha pakauke, kisha mtoto ageuze doa hilo kuwa jani au ndege kwa brashi.

Maneno ya chini yapimwe kabla. Upana wa sentimita 60 ukitoa nafasi za pembeni hubeba herufi 20 hadi 22, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, kila moja ikichukua sentimita 2.5. Waacheni watoto wachague wanalosema wao. “NYANYA TWAJA DISEMBA” inaingia sawasawa, na ina ahadi ndani yake. Chora kwa penseli na rula, wao wajaze kwa brashi nyembamba.

Subiri saa 24. Kisha geuza, piga pasi upande wa nyuma bila mvuke, kwa joto la pamba, dakika 3 hadi 5 kila sehemu huku pasi ikisogea (soma pia chupa, maana rangi nyingine hutaka zaidi). Joto hilo ndilo linalofunga rangi kwenye uzi. Ukiliruka, umefanya kazi bure. Kisifuliwe kabla ya siku 3, na baadaye kifuliwe kwa mkono, maji baridi, kianikwe kivulini upande wa nyuma ukiwa juu.

*

*Ninafundisha PP2, darasa la mwisho la chekechea, Kawangware, watoto 30. Nataka kila mmoja ampe nyanya au babu mkono wa plasta. Nimeona video mtoto akitumbukiza mkono kwenye ndoo ya plasta yenyewe. Ni salama? – Mwalimu*

Si salama, Mwalimu, na tunakuomba usiijaribu hata kwa mtoto mmoja. Plasta ya Paris inaposhika hutoa joto, na donge kubwa linaweza kufikia nyuzi 60 huku likiwa limebana mkono usiweze kutoka. Uingereza, mwaka 2007, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono kwenye plasta darasani na akapoteza karibu vidole vyake vyote. Ngozi ya mtoto isikutane na plasta mbichi kabisa.

Njia sahihi ni kalibu ya udongo. Mkono unagusa udongo, plasta inagusa udongo, na hivyo viwili havikutani. Chukua udongo wa mfinyanzi uliolainika, usio na mawe. Kwa kila mtoto tandaza duara la sentimita 14, unene wa 3. Abonyeze kiganja hadi sentimita 1 na nusu, autoe. Zungushia ukuta wa kadibodi uliopakwa mafuta ya kujipaka, uubane udongoni ili plasta isivuje.

Fanya wanne kwa wakati mmoja. Kilo 4 za udongo zinatosha kalibu nne, na udongo huohuo utautumia kwa wanne wanaofuata. Kwa kundi hilo: vikombe 2 vya maji baridi na vikombe 4 vya plasta. Unga uende kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga, maana utapata madonge makavu katikati. Unyunyize kwa mkono wenye glavu mpaka uone kisiwa kidogo kimebaki juu ya maji, uache ulowe dakika 1 au 2, ndipo ukoroge polepole. Kukoroga kwa kasi huingiza hewa, na vipovu hivyo utaviona usoni mwa kazi yako. Mimina ndani ya dakika 5, kisha gongagonga meza ili hewa ipande. Vaa barakoa wakati wa kupima unga, na watoto wakae mbali mpaka vumbi litulie.

Plasta itapata joto, kisha itapoa. Ikishapoa, baada ya dakika 45 hivi, bandua udongo. Osha kwa brashi laini. Wiki moja ya kukauka kabla ya rangi.

Jambo moja ambalo huwashtua walimu: ukiandika jina kwenye udongo, kwenye plasta litatokea kinyume, kama kwenye kioo. Andika nyuma badala yake, kwa msumari, plasta ikianza kushika lakini kabla haijawa ngumu. Pia, kila kalibu iwe na karatasi ya jina chini yake tangu mwanzo. Viganja vya watoto wa miaka 5 hufanana mno, na hakuna mzazi atakayefurahi kupeleka mkono wa mtoto wa jirani.

Unaponunua, taja plasta ya Paris; wauzaji wengi huiita POP. Usichukue unga wa kujazia maungio ya mbao za jasi kwenye dari; ule hukauka polepole na kusinyaa. Jaribu kijiko kimoja nyumbani: kisiposhika ndani ya nusu saa, unga huo umeshapigwa na unyevu dukani, urudishe. Na maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe kwenye sinki. Yaache ndooni yatulie, mimina maji ya juu nje, mashapo yatupe kwenye takataka. Plasta hushika hata ndani ya bomba lenye maji.

*

*Babu yetu haoni vizuri tena. Kadi na picha hazimfai. Sisi wajukuu tuko saba. – Dada Mkubwa, Pipeline*

Mpeni sauti zenu. Wazee wengi wana redio ndogo inayosoma memori kadi, na kama babu hana, hiyo ndiyo ya kununua. Kila mmoja arekodi dakika 2 au 3, simu ikiwa umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, kwenye chumba chenye kitanda na mapazia, kwa sababu chumba kitupu hurudisha mwangwi. Msirekodi chini ya mabati mvua ikinyesha. Kila rekodi ianze na jina: “Babu, ni mimi Wanza.” Kisha wimbo, kisa cha shuleni, salamu kwa lugha yenu ya nyumbani. Mdogo asiyejua la kusema ahesabu moja hadi ishirini. Babu atamsikiliza kwa furaha.

Sasa penye mtego. Sauti za WhatsApp na za simu nyingi hazihifadhiwi kama MP3, aina moja ya faili za sauti, na redio hizi mara nyingi husoma MP3 pekee. Mtaweka kadi, redio itakaa kimya, mtadhani imeharibika. Geuzeni faili zote kuwa MP3 kwa programu ya simu, au mwombeni kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kadi isizidi GB 32, na iwe imeandaliwa (formati) kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Nafasi si tatizo, kwani MP3 ya kawaida hula takriban MB 1 kwa dakika. Redio nyingi za bei nafuu hazifuati majina ya faili, hufuata mpangilio zilivyonakiliwa, kwa hiyo nakilini moja baada ya nyingine: mkubwa kwanza, au mdogo kwanza, mtakavyo.

Mikono yenu ifanye kazi pia. Shoneni mfuko wa redio kwa kitambaa kinene, mbele muufume ua moja kubwa kwa uzi wa sufu ili babu aujue kwa kugusa. Kwenye kitufe cha kuwashia gundisheni ushanga mmoja. Wekeni nakala ya sauti zote kwa mzazi mmoja, maana memori kadi hufa bila taarifa.

*

*Binamu zao wako Doha na Eldoret. Twawezaje kuweka mikono yao yote kwenye blanketi moja? – Mama Tatu, Donholm*

Kila mtoto achore mkono wake kwenye karatasi ya A4, na chini ya mkono achore mstari wa sentimita 10 kamili kwa rula. Watume karatasi iliyopitishwa kwenye skana, au picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja. Unapochapisha, pima ule mstari. Usipokuwa sentimita 10, mkono nao si saizi yake, rekebisha mpaka ulingane. Kata mikono kwenye vipande vya leso ukiacha milimita 6 za kukunjia ndani, ushone kwa mkono. Kati ya vidole chana kidogo kuelekea mstari wa mchoro wa mkono ili kona ikunjike bila kujivuta.

*

*Picha walizochora kwa kalamu za felti zimefifia ukutani kwa babu ndani ya mwaka mmoja. – K., Kasarani*

Rangi za felti hazivumilii jua. Krayoni na penseli za rangi zina nafuu. Pitisha mchoro halisi kwenye skana, uuweke ndani ya bahasha kabatini, kwa babu upeleke nakala yenye fremu, mbali na dirisha. Weka ukingo wa kadibodi kati ya mchoro na kioo, la sivyo vitagandana. Usitumie selotepu mbele wala nyuma. Hugeuka manjano na doa hupenya karatasi.

*

*Natuma vigae viwili vya plasta hadi Busia kwa basi. Nivifungeje? – Mjomba, Kayole*

Kila kigae kivae soksi nene ya mtoto, kisha kisimame wima ndani ya kadibodi, kama sahani kwenye rafu. Kikilala, uzito wa mzigo utakaowekwa juu utakivunja katikati. Jaza magazeti yaliyofinyangwa mpaka ukitikisa usisikie kitu. Tia kadibodi hiyo ndani ya nyingine kubwa, ikiwa na sentimita 5 za magazeti pande zote. Andika INAVUNJIKA pande zote nne, na nambari ya simu ya atakayepokea ndani na nje. Hizo soksi zisirudishwe. Nyanya huzipenda nazo.